Dalali, Redio na Sinema Bubu

Kabla ya kuugua, Dalali hakuhitaji kipaza sauti. Akisimama juu ya meza pale kwenye ghala la mnada, mkono mmoja kiunoni na mwingine hewani, hata mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara ananyolewa ndevu alijua kabati linalopigiwa bei lina milango mingapi. Aliuza vitu vilivyochoka, makochi yaliyokaliwa na wazazi na watoto na wajukuu, lakini vikipita mdomoni mwake vilionekana vimeshuka kiwandani jana. "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Hapo ananyamaza, anawatazama watu mmoja mmoja mpaka kila mtu anajihisi ana makosa kwa kutoongeza. Halafu kiganja kinatua mezani, paa! "Tatu!" Imetoka hiyo, nenda kabebe.

Basi asubuhi moja, akiwa anafunga vifungo vya shati, upande wa kulia wa mwili ukamkataa. Kiharusi. Hospitalini walijitahidi, wasilaumiwe, akarudi nyumbani na mguu unaoburuta, mkono wa kulia unaoning'inia, na kinywa chenye neno moja. Maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi jamani, yalihama yakamwachia hilo moja tu: tatu. Akitaka maji, tatu. Akikasirika, tatu. Kichwani sentensi ilikuwa imekamilika, ina mwanzo na mwisho, ina hata utani wake. Ikifika ulimini inageuka tatu. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo, neno lililotumika sana ndilo hung'ang'ania. Alimweleza mkewe pia kwamba huenda na kusoma kumepotea, kwa hiyo asimlazimishe.

Mambo yangeweza kwenda vizuri kiasi kama si mdogo wake, yule ambaye binti wa Dalali anamwita Baba Mdogo. Alikuja kumwona mgonjwa, suti imenyooshwa, akavuta kiti.

"Kaka, umeamkaje?"

"Tatu."

"Unanikumbuka lakini? Mimi nani?"

"Tatu."

Baba Mdogo akacheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, lakini kicheko cha mtu mzima hakifichiki, na Dalali alikisikia chote. Tangu siku hiyo hakutaka mgeni. Mlango ukibishwa hodi, anaburuta mguu wake mpaka chumbani na kugeukia ukuta. Watoto wa jirani wakapita dirishani wakisema wao kwa wao, "Humu anakaa yule bubu." Na hilo pia alilisikia, maana masikio hayakuwa na ugonjwa wowote.

Kilichokuwa kinamuuma zaidi ni harusi. Dalali na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye utotoni alikuwa anakaa chini ya ile meza ya mnada akichezea vitasa vya makabati. Baba yake alikuwa akimwambia, "Siku yako wewe nitasema mimi. Nitasema mpaka vipaza sauti viombe likizo." Sasa siku yenyewe ilikuwa inakuja. Binti alikuwa amempata fundi majokofu mmoja mpole, kijana anayemsalimia mkwe wake huku anaangalia viatu. Walipomuuliza Dalali kama atakuja ukumbini, alitikisa kichwa. Walipomuuliza tena, akawapa kisogo. Baba Mdogo akasema hakuna shida, hotuba atatoa yeye, na kwa kweli alikuwa ameshaiandika, kurasa kadhaa, akawa anaifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Mimi sitaki hotuba ya Baba Mdogo," binti alimwambia mama yake jikoni, kwa sauti ambayo ilipita ukuta vizuri tu. "Namtaka baba yangu, akae pale mbele, hata asiseme kitu. Asipokuja, naahirisha. Na nikiahirisha, Mama, sijui kama nitakuwa na moyo wa kupanga tena."

Dalali alisikia chumbani kwake. Alitamani kujibu, Mwanangu, nitakuja, lakini alijua yakifika mdomoni yatakuwa nini, na alikiona kile kicheko kimekaa tayari kwenye koo za wageni mia. Akajifunika shuka mchana kweupe.

Sasa tuje kwa mkewe. Huyu ni fundi cherehani, anashona mapazia na sare za shule hapo barazani, na majirani walimpa jina la Redio. Si jina la heshima, lakini tuseme kweli, lilimkaa. Mdomo wa mama huyu hauna breki. Miaka yote waliyoishi pamoja, yeye anaongea barazani, mumewe ananguruma sebuleni, wanagombana kuhusu chumvi, kuhusu shemeji, kuhusu nani aliacha bomba wazi, na mtaa mzima unajua. Dalali aliponyamaza, Redio aliendelea kurusha matangazo peke yake. Alimwekea mgonjwa televisheni ili apate cha kumchangamsha, lakini watu wa humo wanaongea mbiombio kama wanafukuzwa, na Dalali hakuweza kuwafuata. Siku moja aliirushia rimoti kwa mkono wa kushoto. Ilikosa kioo kidogo tu.

Ndipo Redio akaenda kwa Mama Kanda.

Mama Kanda ana duka jembamba la kukodisha na kuuza filamu, kati ya kinyozi na fundi simu. Jina ni la tangu enzi za kanda za video; siku hizi anawawekea watu kwenye flashi, lakini nani atambadilishia jina? Ana utaratibu wake ambao mteja mgeni huudhika nao. Hakuulizi unataka filamu gani. Anakuuliza nani ataitazama, na mara ya mwisho mlicheka lini. Usipojibu yote mawili, hakupi kitu.

Redio akajibu yote mawili, na mengine mengi ambayo hakuulizwa. Mama Kanda alisikiliza ameshika tama.

"Nikupe sinema bubu," alisema mwishowe.

Uso wa Redio ukabadilika. "Neno hilo nyumbani kwangu halitamkwi."

"Basi tuziite za kimya, mwenzangu, usinichape. Ni za zamani sana, hazina rangi, hazina sauti. Lakini wanaruka, wanapigana, wanatorosha wachumba. Midomo inacheza, husikii kitu. Humo ndani hakuna anayemzidi mumeo." Akamwekea ya kwanza. "Hii ni ya kijana mmoja wa upanga, anaruka paa hadi paa anamtafuta binti wa gavana. Akiipenda, njoo nikupe ya jangwani, ina ngamia na binti mfalme. Akiipenda hiyo, kuna maharamia. Akichoka na vita, nina ya mchekeshaji wa sarakasi aliyempenda mpanda farasi, hiyo beba na leso. Na uwaangalie wakipenda, wanavyojishika kifua. Utadhani wameibiwa pochi."

Jioni hiyo wakakaa sebuleni. Yule kijana akaruka paa la kwanza, akaruka la pili, kofia haitoki. Dalali akainua kichwa. Kisha picha ikakatika, kikaja kioo cheusi chenye maandishi meupe, maana ndivyo sinema hizo zilivyokuwa: watu wakishasema, unaandikiwa walichosema. Na yaliandikwa Kiingereza. Kiingereza cha Redio ni cha kuombea maji. Lakini je, atamwacha mume wake gizani kwa sababu ndogo kama hiyo? Thubutu! Akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya kujiamini:

"Anamwambia, 'Bibie, usiku kucha sijalala, nikifumba macho nakuona wewe.'"

Siku hizo za mwanzo herufi zilikuwa bado zinamchezea Dalali, zinatembea kama siafu. Lakini maandishi ya sinema hizo ni makubwa, ni machache, tena hukaa kwenye kioo muda mrefu kama yametengenezwa kwa ajili ya mgonjwa. Kijana wa upanga alipokwisha, wakaja ngamia, wakaja maharamia, kisha zote zikarudiwa tangu mwanzo. Jioni hata jioni herufi zikaanza kutulia, moja ikashika mkono wa mwenzake. Naye Dalali Kiingereza alikijua, kwa kuwa alisoma orodha za mali za makampuni miaka yote ya kazi yake. Kuandika hakukurudi. Kusoma kulirudi. Na kuliporudi, jambo la kwanza alilogundua ni kwamba mkewe ni mwongo.

Loo, mwongo wa kutupwa! Kwenye kioo imeandikwa kwamba gavana ameongeza walinzi langoni. Redio anasema gavana ana wivu kwa sababu enzi zake hakuna aliyemrukia mapaa. Imeandikwa meli itang'oa nanga. Redio anasema haramia analalamika kwamba supu haina chumvi na mpishi anajibu apike mwenyewe. Dalali alicheka moyoni mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa hajacheka tangu ile asubuhi ya vifungo.

Angeweza kumwonyesha kwamba anasoma. Alikaribia kumwonyesha. Lakini ikaja jioni ya binti mfalme hemani. Binti mfalme amekaa kwenye mazulia, midomo inacheza, macho yamejaa. Kioo cheusi kikaja kikasema: Ngamia watakuwa tayari alfajiri. Basi, hakuna zaidi. Redio akanyamaza kidogo, kitu ambacho si kawaida yake, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Anasema, 'Mimi naongea kutwa, watu wanadhani nina mengi. Sina. Naogopa nyumba ikinyamaza. Zamani ulikuwa unanijibu kwa makelele yako, tunagombana, nalala nimeshiba. Sasa nikinyamaza nasikia saa ya ukutani peke yake. Umeniacha na maneno yote haya, bwana wee, nifanye nayo nini?'"

Ngamia! Dalali alitazama yale maandishi ya ngamia na machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo alidhani mkewe anaongea kwa sababu anapenda kuongea. Akainua mkono wa kushoto, akauweka kifuani kama wale watu wa kwenye kioo, akaukunjua taratibu kuelekea kwa mkewe. "Tatu," alisema kwa upole.

Redio alikuwa anaangalia ngamia. "Mto wa tatu? Si una miwili hapo," akasema, akaenda kuuleta.

Tangu hapo Dalali aliamua siri hiyo atakufa nayo. Mkewe akijua kwamba mumewe anasoma, atanyamaza, na yale maneno hayatapata tena mlango wa kupitia. Kwa hiyo kila jioni alikaa na uso mjinga kabisa, akausubiri uongo wake kwa hamu.

Kilichomponza ni sumu. Ilikuwa sinema ya mwana mfalme na mjomba mbaya, Mama Kanda mwenyewe alikuwa ameisifia sana, na ilikuwa tamu kweli. Mwana mfalme amealikwa mezani. Mtumishi anamwinamia sikioni. Kioo kikaandika: Usinywe, bwana wangu, mjomba wako ametia sumu kikombeni. Redio akasoma, "Anamwambia, 'Karibu kinywaji, mheshimiwa, jua la leo ni kali.'" Na Dalali, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshasahau kwamba yuko sebuleni kwake, akaruka kwenye kiti. "Tatu! Tatu! Tatu!" Mkono wa kushoto unaonyesha kikombe, macho yamemtoka pima.

Mwana mfalme akakimwaga kikombe. Paka akalamba sakafu, akaanguka.

Redio akageuka polepole. "Wewe umejuaje kuna sumu?"

Dalali akarudisha ule uso wake wa kijinga, lakini alikuwa amechelewa.

"Unasoma."

Dalali akajifanya anatafuta rimoti.

"Tangu lini? Kabla ya ngamia?" Akasimama. "Nakuuliza, ulikuwa unasoma siku ya ngamia?"

Dalali hakujua kumdanganya mkewe hata alipokuwa na maneno yote. Akainamisha kichwa.

Redio akazima televisheni, akaingia ndani. Aliona haya, masikini, haya ya mtu aliyekutwa anaoga, na haya hiyo ikatafuta nguo za kuvaa ikavaa hasira. Kesho yake hakusema kitu. Keshokutwa hakusema kitu. Chai inaletwa, inawekwa, kikombe kinalia mezani, basi. Hata barazani wateja walipimwa kimya kimya wakaondoka wakiulizana kama kuna msiba. Binti alipopita alimgusa mama yake paji la uso kuona kama ana homa. Na harusi ilikuwa imebaki wiki.

Hapo ndipo Dalali alipoisikia ile saa ya ukutani. Aliisikia kutwa. Akaelewa vizuri kwamba mkewe hakutia chumvi hata kidogo.

Asubuhi moja, Redio akiwa ameinamia cherehani, Dalali alivaa shati mwenyewe, vifungo vingine viliachwa vilivyo, akachukua fimbo, akatokea mlango wa nyuma. Alikuwa hajatoka nje ya geti tangu alipotolewa hospitalini. Alipita duka la mbao, akapita kwa kinyozi. "Ala! Dalali huyo! Mzee, umepona?" kinyozi akauliza. Jasho lilimtoka. Aliinua fimbo kujibu salamu, akajikaza kisabuni, akaendelea.

Dukani kwa Mama Kanda kulikuwa na wasichana wawili wanaochagua tamthilia, na fundi simu wa jirani aliyekuja kupiga soga. Dalali akasimama mlangoni anahema. Angeweza bado kurudi.

"Karibu, mzee wangu," alisema Mama Kanda bila kushangaa. "Nani ataitazama?"

Alimuuliza kama anavyomuuliza kila mtu. Dalali akafikiri. Akazungusha mkono kama gurudumu la cherehani, kisha akafungua na kufunga vidole upesiupesi mbele ya mdomo.

"Mkeo. Mara ya mwisho mlicheka lini?"

Mkono ukaanguka.

"Mh. Amekununia. Sasa tukupe ya nini? Ya upanga?"

Dalali akatikisa kichwa. Hakutaka ya upanga wala ya jangwani. Alitaka moja ambayo alikuwa na uhakika ipo, maana katika zote hizo lazima kuna mtu mmoja aliyewahi kukosea. Akaegemeza fimbo kaunta. Akainamisha goti moja, akayumba, fundi simu akaruka kumdaka. Dalali akamfukuza kwa kidole. Akashusha kichwa, akaweka mkono kifuani, akaukunjua mbele yake, na uso wake, ule uso uliokuwa unauza makochi mabovu, ukasema kila kitu.

Wasichana waliacha tamthilia zao. "Anataka ya kuposa!" alisema mmoja.

Kichwa kikasema hapana.

"Ya kuachana?"

Hapana, hapana!

"Ya kuomba msamaha," alisema yule wa pili. "Ana mke kanuna, atataka nini kingine?"

Kiganja cha kushoto kikatua kaunta, paa! "Tatu!"

Lilitoka kama enzi zile za ghalani, na lilitoka mahali pake. Fundi simu akapiga makofi, wasichana wakacheka, na Dalali akashangaa kujikuta anacheka nao. Kicheko hiki hakikufanana kabisa na kile cha Baba Mdogo. Msichana mmoja akasema, "Mama Kanda, hiyo anayoigiza mzee, na mimi niwekee."

"Chukua ya nahodha," Mama Kanda alimwambia Dalali. "Mwanzo anamkosea mkewe, mwisho anarudi. Katikati kuna dhoruba na maharamia, vumilieni."

Aliporudi, aliweka flashi juu ya kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, karibu kabisa na sindano. Redio akaitazama flashi, akatazama viatu vyenye vumbi.

"Umetoka? Peke yako? Na mguu huo?" Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku kadhaa. Aligundua, akafunga mdomo tena.

Jioni aliiweka, lakini yeye alikaa mbali, karibu na mlango, kama mgeni asiyekaa sana. Nahodha akatokea. Kioo cheusi kikaja.

"Si unajua kusoma," alisema Redio. "Jisomee."

Dalali akamnyooshea kidole mdomoni. Redio akatazama dari. Kioo kingine kikaja, kikapita. Basi Dalali akashika kiti chake kwa mkono mmoja, akakivuta, akakizungusha kwa shida, miguu ya kiti inapiga kelele sakafuni, mpaka akaipa televisheni kisogo na kumtazama mke wake ana kwa ana.

"Hee! Sasa utaonaje?"

Akagusa sikio lake.

Redio akauma ncha ya mtandio. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na alikuwa bado hajamaliza kukasirika. Kisha akavuta kiti chake karibu, akakohoa kidogo, akaanza. Alisimulia dhoruba, akasimulia maharamia, akasema maneno ya nahodha na ya mkewe na ya kasuku wa melini. Kama yalikuwa ya kweli au ya kutunga, Dalali hajui mpaka leo. Alimtazama mdomo tu.

"Sasa nahodha amerudi," alisema Redio mwishoni. "Yuko mlangoni, nguo zinachuruzika maji. Mkewe anamwambia..." Akaacha kioo, akamtazama mumewe. "Anamwambia, 'Nahodha, mtoto anaolewa Jumamosi. Hataingia bila wewe. Mimi nitakuwa mdomo wako, wewe fanya mikono tu, kama hawa. Utakuja?'"

Dalali aliwaona wale wageni mia, na kile kicheko kimekaa tayari kooni mwao. Akawaona pia wasichana wawili dukani. Akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mshereheshaji alipomwita mzazi wa bibi harusi, Baba Mdogo alisimama akafunga koti, karatasi mkononi. Lakini mezani mbele Dalali naye alikuwa anainuka, taratibu, kwa fimbo, na Redio yuko ubavuni kwake na kipaza sauti.

"Shemeji, kaa," Redio alisema, na kipaza sauti kikayapeleka mpaka jikoni. Baba Mdogo akakaa.

Dalali akamtazama binti yake. Akashusha mkono mpaka chini ya meza, akaonyesha kimo cha mtoto mdogo. Akauinua hadi kiunoni, begani, juu ya kichwa, kisha akapangusa jasho.

"Anasema ulikuwa unakaa chini ya meza yake," Redio alisema. "Amekutazama ukikua. Anasema umemchosha, na hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo."

Bibi harusi akaanza kulia waziwazi, wanja ukaenda zake. Dalali akamgeukia bwana harusi. Akachomoa upanga usioonekana, akamwelekezea kijana kooni, kijana akarudi nyuma kweli, akasahau kwamba hauonekani. Kisha Dalali akaugeuza, akamkabidhi kwa upande wa mpini.

"Anasema, ukimliza huyu atakuja juu ya paa, na mguu wake huohuo. Lakini anakuamini."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha dukani, Dalali alikipima akakitambua. Angeweza kukaa sasa, kazi imekwisha. Hakukaa. Aliegemeza fimbo mezani, akamgeukia mkewe. Akaweka mkono wa kushoto kifuani, kwa nguvu, kama mtu aliyeibiwa pochi. Akaukunjua taratibu kuelekea kwake, akauacha hapo hewani.

Ukumbi ukasubiri. Redio alikuwa ameshika kipaza sauti mdomoni, lakini hakukuwa na matangazo.

"Mama, anasemaje?" aliuliza mshereheshaji.

"Anasema..." Redio akapangusa pua kwa ncha ya mtandio. "Anasema chakula kinapoa, watu wahudumiwe."

Ukumbi ukaangua kicheko, maana hapakuwa na mtu ambaye hakuona kilichosemwa. Dalali akatikisa kichwa, hapana, hapana, mwongo wewe. Akarudisha mkono kifuani, akaukunjua tena. Kisha akawatazama wageni mmoja mmoja, kulia mpaka kushoto, kama kuna anayetaka kuongeza, na wale waliowahi kununua kabati kwake wakaelewa wakaanza kupiga meza. Akainua kiganja. Paa!

"Tatu!"

"Nimesikia, Mzee," alisema Redio kwa sauti ndogo. "Hata siku ya ngamia nilikuona, ule mto nilisingizia tu." Alikuwa amesahau kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia.